Picha, Mahali na Kisakale: Maelezo ya Vivutio vya Migori na Homa Bay kwa Kiswahili

Utangulizi

Mgeni anayezuru bustani za burudani za Ulaya na Marekani hukuta mapambo yaliyotengenezwa makusudi ili kusimulia hadithi. Mfano mmoja ni bustani ya Efteling huko Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952 ikiwa na msitu wa ngano uliosanifiwa na mchoraji Anton Pieck. Mfano mwingine ni Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo kasri lake limepigwa picha mara zisizohesabika. Katika bustani za namna hii hadithi hutangulia na pambo hufuata. Msanifu huchukua ngano isiyo na mahali maalumu, ngano ya hapo kale na nchi ya mbali, akaijengea mahali. Mgeni naye hupiga picha ya pambo ambalo hadithi yake anaijua tangu utotoni.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, eneo ambalo zamani lilikuwa Wilaya ya Nyanza Kusini, mambo huenda kinyume. Hapa ziwa, mti, ukuta na jabali vimekuwapo kwanza, na masimulizi yamekuja kuvieleza. Mgeni atokaye nje huona kitu asichokijua hadithi yake. Akikipiga picha na kuondoka nayo, huwa amechukua pambo bila ya kisakale, na picha hiyo ikichapishwa katika kijitabu au kadi, maneno machache yanayoandikwa chini yake ndiyo yanayobaki kuwa msimulizi.

Makala hii ina madhumuni matatu: kwanza, kueleza masimulizi yanayofungamana na mahali kadhaa mashuhuri pa eneo hilo, pili, kuonyesha ni jambo gani linalopotea picha inapotengwa na usimulizi, na tatu, kupendekeza namna ya kuandika maelezo ya picha kwa Kiswahili, ili hasara hiyo ipunguzwe.

Kisakale na mahali

Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliotolewa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalofungamana na muktadha. Miongoni mwa vipengele vya muktadha huo alivitaja fanani, hadhira, wakati na mahali. Aghalabu wanafunzi huvikumbuka fanani na hadhira, na kukisahau kipengele cha mahali. Hata hivyo, kwa masimulizi yanayojadiliwa hapa, mahali ni zaidi ya uwanja wa kusimulia. Mahali ni sehemu ya hoja. Msimulizi huinua mkono, akaonyesha mti au maji, na kwa kuonyesha huko madai yake hupata ushahidi.

Ndiyo sababu masimulizi haya hayana budi kutofautishwa na ngano. Watoto wa Kijaluo walizoea kusimuliwa ngano, yaani sigana, jioni katika nyumba ya bibi iliyoitwa siwindhe. Na msimulizi alipomaliza alifunga kwa maneno thu tinda. Ngano ya sungura na fisi yaweza kusimuliwa popote bila ya kupungukiwa. Habari za Simbi Nyaima, kwa upande mwingine, zikisimuliwa Mombasa hugeuka ngano ya kawaida. Zikisimuliwa kando ya maji yenyewe ni kisakale.

Kuna njia nyingine ya kuonyesha utamaduni, nayo ni kuuhamisha. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971, ilijenga mifano ya maboma ya jamii mbalimbali za Kenya, na Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana mfano wa boma la Kijaluo. Mifano hiyo ina manufaa makubwa kwa mafunzo, lakini yaonyesha aina ya kitu: boma la Kijaluo kwa jumla. Visakale vya Migori na Homa Bay vyahusu kitu kimoja tu, kilicho mahali pamoja, na kwa hiyo havihamishiki.

Simbi Nyaima

Karibu na mji wa Kendu Bay, katika Karachuonyo, liko ziwa dogo la kasoko linaloitwa Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, na rangi yake ya kijani hutokana na mwani unaostawi humo. Mwani huo huwavuta heroe, ambao wengi huwaita flamingo, na mwaka 2000 ziwa likatangazwa kuwa hifadhi. Picha za Simbi Nyaima zinazosambaa ni za namna moja: maji matulivu, ndege wa waridi, na vilima kwa mbali.

Kisakale chake ni hiki. Kijiji cha Simbi kilikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Usiku huo akatokea bibi kizee, mchafu na mwenye kuchoka, akaomba chakula na mahali pa kujihifadhi. Wanakaramu wakamfukuza kwa dharau. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia, akampa chakula na moto. Yule bibi kizee akamwambia amchukue mumewe watoke kijijini upesi. Katika baadhi ya mapokezi mume alikataa kuiacha pombe, na mwanamke akatoka peke yake. Mvua ikanyesha au maji yakafumka chini, kulingana na msimulizi, na kijiji chote kikazama pamoja na watu wake.

Picha na kisakale vyahitilafiana hapa kwa jambo la msingi. Kinachozungumzwa na kisakale ni kijiji, nacho hakionekani. Kinachoonekana katika picha ni maji, ambayo katika kisakale ni mwisho wa habari. Kamera huonyesha matokeo bila ya sababu. Mwenye kuitazama picha ya heroe hawezi kabisa kukisia kwamba mahali hapo pamekuwa kwa vizazi vingi funzo juu ya ukarimu.

Jina lenyewe lina tatizo la tafsiri. Kwa kawaida hutafsiriwa kuwa Simbi iliyozama. Kitenzi kuzama, hata hivyo, hakina mtendaji: mashua huzama kwa bahati mbaya. Kugharikishwa kuna mtendaji, lakini neno gharika humpeleka msomaji wa Kiswahili moja kwa moja kwenye habari za Nabii Nuhu. Kudidimia kwaonyesha kwenda chini polepole, ilhali kisakale chataka tukio la ghafla. Kwa hiyo kuzama ndilo neno lifaalo, mradi maelezo yataje sababu ya kuzama. Tafsiri ya jina peke yake haitoshi.

Nyamgondho wuod Ombare

Huko Gwassi, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria karibu na Nyandiwa, wageni huonyeshwa mti ambao wenyeji husema ni Nyamgondho, mwana wa Ombare. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara. Siku moja alivuta wavu mzito, na badala ya samaki akamkuta humo mwanamke. Mwanamke akamsihi asimrudishe majini, naye akampeleka nyumbani. Kesho yake boma lilikuwa limejaa ng'ombe. Nyamgondho akawa tajiri, akaoa wake wengine, akazoea pombe na majivuno. Usiku mmoja alirudi amelewa akakuta lango limefungwa. Kwa hasira akamtukana yule mke wa kwanza na kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke hakujibu kitu. Alitoka akaelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata ikaingia majini. Nyamgondho akawakimbilia hadi ufuoni, akasimama ameegemea fimbo yake akitazama, na hapo ndipo alipogeuka mti.

Masimulizi ya Simbi na ya Nyamgondho yameandikwa zaidi ya mara moja. Asenath Bole Odaga aliyatoa kwa Kijaluo katika vitabu vyake vya miaka ya 1980, na kabla ya hapo, mwaka 1974, mkusanyo wa B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe ulikuwa umewafungulia wasomaji wa Kiingereza mlango wa fasihi simulizi ya Wajaluo. Kiswahili ndicho kilichobaki nyuma, ingawa ni lugha ya taifa na ndiyo ambayo mwanafunzi kutoka Kitui au Kwale angeitumia kuvisoma visakale hivi.

Msomaji aliyesoma fasihi ya Kilatini atakumbuka habari ya Philemon na Baucis katika utenzi wa Ovid: miungu waliojigeuza wasafiri wanafukuzwa na kijiji kizima, wanapokelewa na wazee wawili maskini, kijiji kinazamishwa, na hatimaye wazee hao wanageuzwa miti. Katika Homa Bay mambo hayo mawili yamegawanywa baina ya visakale viwili. Tena maana ya mti imepinduka: kwa Ovid mti ni thawabu, kwa Nyamgondho ni adhabu. Ulinganisho huu hauna maana kwamba moja limetokana na jingine. Wafaa tu kuonyesha kwamba picha ya mti peke yake haiwezi kumwambia mtazamaji kama anatazama heshima au aibu.

Thimlich Ohinga

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inakadiriwa kwamba zilianza kujengwa karne ya 16. Mawe hayakuchongwa wala kuunganishwa kwa udongo au saruji. Yamepangwa kwa ustadi, ukuta wa nje na wa ndani, na mawe madogo yakijaza katikati. Mahali pengine kuta hupita kimo cha mita 4. Milango ni mifupi na myembamba, na juu yake yamelazwa mawe marefu kuwa vizingiti. Maboma ya namna hii yaliyohesabiwa katika eneo hilo yapita 500, lakini Thimlich ndilo kubwa na lililohifadhika zaidi. Jamii mbalimbali za Kibantu na za Kiniloti zilipishana kuyakalia, na desturi ya kuishi ndani ya kuta hizo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20.

Katika Kijaluo thim ni pori, na lich ni jambo la kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Jina hili basi halikutolewa na wajenzi wa kwanza. Lilitolewa na watu waliozikuta kuta zikiwa zimemezwa na pori wakaliogopa pori lile. Ni jina linalohifadhi kumbukumbu ya kukuta, na kumbukumbu hiyo ni kisakale kizima katika maneno mawili.

Neno ohinga huwatatiza watafsiri. Wapo waandikao ngome. Katika Kiswahili cha pwani, ngome huleta mawazo ya Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593: mizinga, askari na mfalme wa mbali. Boma lafaa zaidi. Neno hilo lachukua pamoja zizi la mifugo, makao ya ukoo na kinga dhidi ya adui, na mambo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa kazi ya ohinga. Maana ya boma kama makao ya serikali ya kikoloni ilikuja baadaye, na muktadha hutosha kuiondoa.

Lango kama kiungo

Visakale hivi viwili na jengo hili hutajwa aghalabu kila kimoja peke yake. Vikitazamwa pamoja, linajitokeza jambo moja lililo katika vyote: lango, ambalo Wajaluo huliita rangach. Huko Simbi mgeni alifungiwa mlango, na kijiji kikaangamia. Kwa Nyamgondho mwenye boma ndiye aliyekuta lango limefungwa, akasahau kwamba utajiri wake wote uliingia kwa sababu siku moja alimfungulia mgeni. Huko Thimlich lango limejengwa fupi makusudi, hata anayeingia hana budi kuinama, na aliye ndani akapata nafasi ya kumtambua.

Hayo si ajabu katika nchi iliyopokea wahamaji kwa karne nyingi. Swali la nani aingie na nani abaki nje lilikuwa swali la uhai. Ukuta ulijibu swali hilo kwa tahadhari. Visakale vikaonya kwamba tahadhari ikizidi huwa dhambi. Kwa hiyo ukuta wa Migori na ziwa la Homa Bay ni pande mbili za mjadala mmoja. Mpigapicha anayesimama ndani ya boma akaupiga picha ukuta kwa urefu wake hupata taswira nzuri, lakini aliyepiga picha ya mtu anayeinama langoni ndiye aliyekaribia maana.

Mfangano na Rusinga

Visiwa viwili vya Homa Bay vyaonyesha ncha mbili za tatizo hili. Katika kisiwa cha Mfangano, kwenye pango la Mawanga, iko michoro ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na wawindaji wa kale, Watwa. Wasuba waliofika baadaye hawakuichora, ila waliipa kazi: mahali hapo palihusishwa na kuomba mvua. Hapa basi pambo ni la watu wengine na kisakale ni cha watu wengine, na vyote viwili ni vya kweli kwa mahali. Jumba la makumbusho la jamii ya Wasuba lililoanzishwa kisiwani mwaka 2000 limesaidia kuyahifadhi masimulizi haya. Lakini lugha ya Kisuba, ambayo ni ya Kibantu, imeachwa na wasemaji wengi waliohamia Kijaluo. Mzee mwenye kulijua jina la mahali, sala na mwiko wake kwa Kisuba akiondoka, duara jekundu litabaki kuwa duara jekundu tu.

Katika kisiwa cha Rusinga liko kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lake limepewa umbo la risasi, na ndani mmewekwa picha za maisha yake. Hili si kisakale. Ni tarihi, yenye tarehe na nyaraka. Hata hivyo umbo hilo laonyesha sheria ile ile. Mtazamaji asiyejua habari za 1969 huona jengo lenye umbo la ajabu. Ikiwa tukio la juzi laweza kufichika ndani ya pambo lake, sembuse lile la karne ya 16?

Namna ya kuandika maelezo ya picha

Maelezo yaliyozoeleka huanza kwa neno inaaminika, yakafuatwa na muhtasari wa sentensi moja. Neno hilo lina hitilafu mbili: halimtaji anayeamini, na humwambia msomaji mapema kwamba habari hizo si za kweli. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mambo manne yazingatiwe.

La kwanza, jina la mahali libaki katika lugha yake, na tafsiri yake ifuate kwa Kiswahili pamoja na lugha ya asili. La pili, msimulizi atajwe angalau kwa jamii yake: wazee wa Karachuonyo husimulia, wavuvi wa Gwassi husema. La tatu, tofauti za mapokezi zisifichwe, kwani mume aliyekataa kutoka na mume aliyetoka ni mafunzo mawili mbalimbali. La nne, maneno ya Kiswahili yachaguliwe kwa kuzingatia mtazamaji wa picha. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, yuko mnyama anayeitwa korongo, ambaye hapatikani porini mahali pengine pa Kenya. Neno korongo ni jina la ndege pia, tena ni jina la bonde lililochimbwa na maji. Msomaji aliye mbali na picha atapotea asipoandikiwa swala korongo.

Kwa kufuata mambo hayo, maelezo ya picha ya Simbi Nyaima yangeweza kusomeka hivi: "Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wazee wa Karachuonyo husimulia kwamba chini ya maji haya kilikuwapo kijiji kilichomfukuza bibi kizee usiku wa karamu. Mwanamke mmoja alimpa chakula, naye akaokoka. Wengine husema mumewe aliokoka pia. Wengine husema aliipenda pombe kuliko maneno ya mkewe." Hayo ni maneno yasiyofika hamsini. Yanatosha kuandikwa nyuma ya kadi au kwenye kibao, na yanamwachia msomaji swali la kumwuliza mwenyeji.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mapambo ya bustani za burudani hutokana na hadithi zilizokwisha kujulikana, ilhali katika Migori na Homa Bay mahali ndipo palipozaa hadithi na ndipo panapoithibitisha. Imeonyeshwa pia kwamba picha, kwa tabia yake, huchukua kinachoonekana na kuacha sababu yake. Kasoro hiyo haiwezi kuondolewa na mpigapicha. Yaweza kupunguzwa na mwenye kalamu.

Kazi hiyo yawahusu walimu wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Wanafunzi wao hutoka sehemu zote za nchi, na wengi huwaacha nyumbani wazee wenye masimulizi ambayo hayajaandikwa. Zoezi la kila mwanafunzi kuleta picha moja ya mahali, pamoja na masimulizi ya mahali hapo katika lugha ya mzee aliyesimulia na tafsiri yake ya Kiswahili, halihitaji fedha nyingi. Kwa Kijaluo muda bado upo. Kwa Kisuba cha Mfangano muda ni mfupi, na inafaa zoezi hilo lianzie huko.